Maswali ya Wasomaji: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Barua nyingi zilizotufikia tangu mvua za masika zianze zina kisa kimoja: gari lina hitilafu ya umeme, fundi ametaja kifaa, kifaa kimenunuliwa kwa bei kubwa, na hitilafu ingalipo. Tumechagua barua tano. Anayetaka kuruka moja kwa moja hadi barua inayomhusu tunamwomba asiiruke ile ya kwanza, kwa sababu humo ndimo tulimoeleza namna ya kutumia mita, na majibu mengine yote yanaitegemea.

Betri mpya, alteneta mpya, taa bado zinafifia

*Salaam aleikum. Nina Toyota Probox ninayobebea mboga kutoka soko la Kongowea hadi Mtwapa. Taa zilianza kufifia usiku na asubuhi gari likawa haliwaki. Fundi wa kwanza alisema betri imekufa, nikanunua mpya, hali ikabaki vilevile. Wa pili akasema ni alteneta. Nikatafuta ya kutoka Japani, akaifunga, na haikupita wiki taa zikafifia tena. Sasa naambiwa ni kompyuta ya gari. Kabla sijatoa pesa mara ya tatu, nitajuaje kilichoharibika hasa?* – Msomaji, Kisauni

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Katika maelezo yako yote hakuna mahali ambapo mtu ametaja namba. Fundi wa kwanza hakusema betri ilisoma volti ngapi, wa pili hakusema alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri, ilikuwa ikitoa volti ngapi, na huyu wa tatu hakukueleza kompyuta imeshindwa kufanya nini. Umeme hauonekani kwa macho, kwa hivyo anayetaja kifaa bila kupima anabahatisha, hata awe na uzoefu wa miaka mingi. Na gharama ya kubahatisha huko unaibeba wewe, kwa kuwa maduka mengi ya spea hayarudishi pesa za kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa kwenye gari.

Tafuta multimita ya tarakimu. Hata ile ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii, ilimradi betri ndogo iliyo ndani yake iwe nzima, kwani ikichoka mita huanza kusoma namba zisizo za kweli. Zungusha swichi yake hadi kwenye volti za mkondo mnyoofu, yaani pale palipoandikwa V yenye mstari mnyoofu kando yake, kwenye kiwango cha 20. Kipimo cha kwanza kifanywe asubuhi, kabla ya kufungua swichi ya gari: ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Betri iliyojaa na iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hivi, kwa sababu ina vyumba sita na kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Ikisoma 12.4 imebakiwa na robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Kisha mwenzako apige stata huku wewe ukiitazama mita. Namba itashuka, lakini haipaswi kushuka chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 7 au 8 stata inapoguswa, hiyo ndiyo betri mbovu kwelikweli, na hakuna alteneta itakayoiponya. Ila ikiwa ilisoma 12.0 tangu mwanzo, huwezi kuihukumu kabla ya kuichaji hadi ijae na kuipima upya, maana njaa si ugonjwa.

Kipimo cha pili hufanywa injini ikiwa inaunguruma. Pima palepale kwenye nguzo za betri. Namba inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5, na ukiwasha taa kubwa, feni ya ndani na kiyoyozi kwa pamoja, isishuke chini ya 13.5 au karibu na hapo. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka polepole, betri haichajiwi. Ikipanda hadi 15 na zaidi, inachajiwa kupita kiasi, na kidhibiti cha alteneta, yaani kile kinachozuia volti zake zisipande mno, ndicho cha kutiliwa shaka kwanza. Wenye Honda na Nissan za karibuni wasishtuke wakiona 12.6 hivi gari likiwa limetulia bila mzigo: baadhi ya magari hayo hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na namba hupanda mara taa kubwa zinapowashwa. Tumewahi kuona alteneta nzima ikitolewa kwa sababu ya kutolijua jambo hilo.

Kipimo cha tatu ndicho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho kingekuokolea pesa. Injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zikiwa zinawaka, weka ncha nyekundu ya mita kwenye skrubu nene iliyo nyuma ya alteneta, pale unapotokea waya mnene wa chaji, na ncha nyeusi uiweke kwenye nguzo ya chanya ya betri. Utaona namba ndogo, na namba hiyo ni kiasi cha volti kinachopotea njiani. Ikiwa ni 0.2 au 0.3, njia ni nzuri; ikizidi 0.5, kuna kizuizi. Halafu nenda upande wa hasi: ncha moja kwenye mwili wa alteneta penye chuma kitupu, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2. Gusa nguzo yenyewe ya betri na usiguse kibano kilichoikumbatia, kwa sababu mara nyingi uchafu uko kati ya hivyo viwili, na ukipima juu ya kibano hutauona.

Tuseme mita yako imesoma 14.3 nyuma ya alteneta na 13.1 kwenye betri. Volti 1.2 zimepotea, na zimegeuka joto mahali fulani katika waya huo. Kwa ampia 60 za chaji, inatosha kuwe na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, wa omu 0.02 tu ili volti 1.2 zipotee, na ukinzani mdogo namna hiyo multimita ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha. Ndiyo maana fundi anayeuchomoa waya, akaupima kwa omu na kusikia mita ikilia, akasema waya ni mzima, bado hajathibitisha lolote. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu ndani ya plastiki yake utailiza mita vilevile, lakini ukipewa kazi ya kubeba mkondo mkubwa utashindwa. Waya hupimwa ukiwa kazini.

Kwa maelezo yako, tunashuku zaidi njia kuliko vifaa. Gari la Mombasa huishi katika hewa ya chumvi, na lako hubeba mboga zilizomwagiwa maji. Unyevu wenye chumvi hupenya mwisho wa waya, ukapanda ndani ya plastiki, na shaba ikageuka kuwa unga wa kijani au rangi nyeusi huku kwa nje waya ukionekana mpya. Anza na waya wa athi unaotoka nguzo ya hasi kwenda kwenye bodi, na mwingine unaokwenda kwenye injini au giaboksi. Ufungue, usugue kwa msasa sehemu zote mbili zinazogusana hadi chuma king'ae, ufunge kwa nguvu, kisha upake grisi juu. Tunasema juu kwa sababu wako wanaopaka kabla ya kufunga, wakaacha tabaka la grisi kati ya chuma na chuma. Fungua pia ile fyuzi kubwa iliyofungwa kwa skrubu kwenye njia ya chanya karibu na betri; ikiwa plastiki yake imebadilika rangi au kuyeyuka kidogo, umekipata ulichokuwa ukikitafuta.

Kuna na soketi ndogo iliyo nyuma ya alteneta, yenye nyaya mbili, tatu au nne. Katika Toyota nyingi waya mmoja huleta umeme swichi ya gari inapofunguliwa, wa pili huendesha taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi, na katika baadhi ya magari kuna wa tatu ambao huisomea alteneta volti ya betri. Kila unaoleta umeme una fyuzi yake. Fyuzi hiyo ya bei ya peremende ikiungua, alteneta mpya itanyamaza kama ile ya zamani. Mkanda nao ukaguliwe, kwani ukilegea au ukiloa mafuta huteleza wakati mzigo ni mkubwa, na hilo huonekana zaidi usiku wa mvua, taa, wipa na feni zikiwa zinafanya kazi pamoja.

Kuhusu kompyuta, Probox nyingi za miaka ya 2000 zina kidhibiti cha chaji ndani ya alteneta yenyewe, kwa hivyo kompyuta iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa. Na ile alteneta uliyoitoa, ikiwa hukuiacha kwa fundi, ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuzungusha alteneta mezani aipime. Hatutashangaa ikiwa nzima.

Jambo moja tunaliomba kwa mkazo. Fundi akitaka kuipima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ikitolewa ghafla, volti huruka juu kwa kishindo na huweza kuua kidhibiti, redio na hiyo kompyuta mnayoisingizia. Mtindo huo ulifaa magari ya zamani yasiyokuwa na vifaa hivyo, na hata huko haukueleza mengi.

Gari hulala na chaji, huamka bila chaji

*Hujambo Mhariri. Gari langu ni dogo, nalitumia siku za kazi tu. Nikiliegesha Ijumaa jioni hapa Mtongwe, Jumatatu haliwaki mpaka jirani anipe umeme kwa nyaya za gari lake. Nimebadilisha betri mara mbili. Alteneta imepimwa na kuonekana inatoa 14.2. Je, nitafute alteneta nyingine au nibadilishe nyaya zote za gari kama nilivyoshauriwa?* – Mama wa watoto wawili, Likoni

Hatujambo, mama. Kwa kuwa chaji ni 14.2, usiguse alteneta kwa sasa, na kubadilisha nyaya zote ni sawa na kubomoa nyumba kwa ajili ya kumtafuta panya. Kuna kitu kinachokula umeme wakati wewe umelala, na kazi yetu ni kukijua jina.

Kila gari la kisasa hula umeme kidogo likiwa limezimwa, ili kompyuta zikumbuke mambo yao na ufunguo wa mbali usikike. Kiasi cha kawaida ni miliampia 20 hadi 50 (miliampia elfu moja ni ampia moja). Kwa miliampia 50, gari hutumia ampia-saa 1.2 (yaani ampia mara saa) kwa siku, na betri ndogo ya ampia-saa 35 inaweza kustahimili zaidi ya wiki mbili na bado ikawasha. Kitu kinachokula nusu ampia humaliza ampia-saa 12 kwa siku. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni ampia-saa 30, ambayo ni karibu betri nzima. Hesabu hiyo inalingana na kisa chako, ndiyo maana betri mpya haikusaidia. Betri ikizoeshwa kukauka hivyo mara kwa mara huharibika kabla ya wakati wake, hasa katika joto letu, kwa hivyo ile ya pili nayo huenda imeanza kuumia.

Kwanza uliza kilichoongezwa kwenye gari baada ya kutoka bandarini. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio kubwa, taa za ziada, swichi ya siri ya kuzuia wizi: vyote hivi hufungwa na watu tofauti, wengine kwa kuunganisha waya popote penye umeme na kuzungushia utepe. Redio iliyoungwa kwenye umeme wa kudumu huweza kuonekana imezimwa ilhali ndani yake ingali macho. Taa ya buti nayo isisahaulike. Namna rahisi ya kuikagua ni kuweka simu ndani ya buti ikiwa inarekodi video, ukafunga, ukafungua baada ya muda mfupi na kutazama kama palikuwa na giza.

Kama hayo hayakutoa jibu, pima. Zima kila kitu, toa ufunguo na uuweke mbali na gari ikiwa ni wa kisasa usiochomekwa. Fungua boneti na mlango ulio karibu na kisanduku cha fyuzi, halafu bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Sasa subiri, baadhi ya magari huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kompyuta zote kulala, na anayepima mapema huona ampia nzima na kumsingizia asiyekuwa na hatia. Baada ya hapo weka mita kwenye kiwango chake kidogo kabisa cha volti, yaani milivolti, na uguse vile vitundu viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Fyuzi inayopitisha itaonyesha sehemu ya milivolti au zaidi, na hapo umeijua njia ya mwizi. Ubora wa namna hii ni kwamba huchomoi kitu, kwa hivyo huiamshi kompyuta yoyote. Anayechomoa fyuzi moja moja mara nyingi huliamsha gari na kuanza kusubiri upya.

Ukiipata fyuzi, soma kwenye kifuniko inahudumia nini, na uchomoe soketi za vifaa hivyo kimoja kimoja. Ikiwa fyuzi zote zinasoma sifuri na gari bado linakauka, mtu wa kushukiwa ni waya mnene unaokwenda kwenye alteneta na stata, ambao haupiti katika fyuzi hizo ndogo. Alteneta inaweza kutoa 14.2 mchana na bado ikawa na dayodi, kile kipande kinachopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu, inayovujisha usiku. Ujaribu kwa kuifungua ile skrubu ya waya mnene, baada ya kutoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha uufunike mwisho wake vizuri, urudishe hasi, na upime tena kwa ampia kama tunavyoeleza hapa chini. Ulaji wa umeme ukikoma hapo, ndipo tutakapokubali kwamba alteneta inahitaji kufunguliwa, na hata hapo dayodi hubadilishwa na fundi wa alteneta bila kununua nyingine.

Ukitaka kupima kwa ampia, mita huunganishwa katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, ikiwa kwenye tundu la ampia 10. Usipige stata wala kufungua swichi wakati huo, kwa sababu mkondo mkubwa utaunguza fyuzi ya mita papo hapo.

Sisi wa ng'ambo ya Likoni tuna jambo jingine dogo la kuongeza. Foleni ya feri ikiwa ndefu, wengi huzima injini na kuacha taa, feni na redio vikifanya kazi, halafu hupiga stata kila safari ya kusogea gari mbili. Betri hutoka hapo imepungua, na mwendo mfupi wa hadi kazini hauitoshi kujaa tena. Hilo si kosa la kifaa chochote.

Mashine imesema koili

*Mhariri, naendesha teksi, gari ni Toyota Axio. Taa ya injini imewaka na gari linatetemeka likiwa limesimama. Mashine ya kusoma kompyuta ilitoa P0302. Fundi anasema nibadilishe koili zote nne na plagi zote. Nikubali?* – Dereva, Nyali

Usikubali bado, kaka. Msimbo P0302 maana yake ni kwamba kompyuta imegundua silinda ya pili haichomi vizuri. Haikusema kwa nini. Mashine hutaja mahali ambapo dalili imeonekana, na kutoka hapo hadi kwenye kifaa kilichoharibika kuna hatua za kupima ambazo hazihitaji hata shilingi moja.

Katika injini hiyo, kama zilivyo Toyota nyingi za aina yake, silinda ya kwanza iko upande wa mkanda. Hesabu hadi ya pili, toa koili yake, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, uibadilishe nafasi na ile ya silinda ya tatu. Mwambie fundi afute msimbo, kisha uendeshe gari mpaka taa irudi. Ikirudi na P0303, koili imehama na ugonjwa wake. Nunua moja tu. Ikirudi na P0302, koili haina kosa, basi hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Ikibaki palepale, tazama soketi ya koili, ambayo plastiki zake hukauka kwa joto na kukatika kishikio, na baada yake injekta inayonyunyizia mafuta, na kubana kwa silinda yenyewe. Plagi zikiwa za zamani, kuzibadilisha zote si vibaya, lakini hiyo ni matengenezo ya kawaida na isiitwe tiba.

Kwa kuwa umetaja mashine, tuseme na hili. Baadhi ya misimbo ni kelele ya soketi iliyoachwa wazi. Mtu akibadilisha chujio cha hewa na kusahau kurudisha soketi ya sensa ya hewa, kompyuta itatoa P0102 na P0113 pamoja, na asiyejua ataambiwa anunue sensa. Msimbo wowote unaotokea siku gari lilipotoka gereji, anza kwa kukagua kilichoguswa siku hiyo.

Stata inasema "tik"

*Nikigeuza ufunguo stata hutoa mlio mmoja wa tik na kunyamaza. Nikirudia mara tatu nne inawasha vizuri. Nimeambiwa stata nzima ibadilishwe.* – Msomaji, Changamwe

Washa taa kubwa kisha ugeuze ufunguo. Taa zikizimika kabisa au zikififia sana, umeme hautoshi: safisha nguzo za betri na waya wa athi kama tulivyoeleza katika jibu la kwanza, kwa sababu stata huvuta ampia 100 hadi 200 na ukinzani mdogo huonekana kwake kabla ya kwa kifaa kingine chochote. Taa zikibaki na nguvu zake na bado unasikia tik, pima volti kwenye waya mwembamba unaokwenda kwenye stata wakati ufunguo umegeuzwa. Ikiwa ni chini ya 10 hivi, kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) au swichi ya gia. Jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P uone kama kuna tofauti. Ikiwa ni 11 au 12, kosa liko ndani ya stata, na kwa Toyota mara nyingi ni vipande viwili vya shaba vilivyolika ndani ya solenoidi, yaani swichi kubwa ya umeme ya stata yenyewe. Vipande hivyo huuzwa peke yake. Fundi wa stata huvibadilisha mezani kwa muda mfupi na ukarudishiwa stata yako mwenyewe, ambayo wewe unajua historia yake, tofauti na ile ya mtumba ambayo hakuna anayejua ilifanya kazi miaka mingapi Japani.

Kompyuta ya gari imekufa?

*Baada ya mvua kubwa maji yaliingia hadi kwenye zulia la gari langu. Sasa injini haina nguvu, taa kadhaa zimewaka, na mashine inatoa misimbo mitano ya sensa tofauti. Fundi anasema sensa tano haziwezi kufa kwa pamoja, kwa hivyo ni kompyuta. Hoja yake inaniingia akilini. Mnasemaje?* – Msomaji, Tudor

Nusu ya hoja yake ni sahihi, ndugu. Sensa tano kweli haziwezi kufa siku moja. Lakini kabla ya kuifikia kompyuta kuna vitu ambavyo sensa hizo hushirikiana, na maji hupenda kuanzia huko.

Cha kwanza ni athi. Nyaya za athi za vifaa vingi hukusanywa pamoja na kufungwa kwa skrubu moja kwenye bodi, na baadhi ya mafungo hayo yako chini, kando ya miguu ya dereva au abiria, chini ya lile zulia lililoloa. Ling'oe zulia, lianikwe juani, na ukague kila skrubu ya namna hiyo. Zulia likibaki hapo na maji ya barabarani, ulichokirekebisha leo kitaoza tena kabla ya mvua za vuli.

Cha pili ni umeme unaoingia kwenye kompyuta yenyewe. Fundi apime kwenye soketi ya kompyuta, ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa wazi, kama volti zinazoingia zinalingana na za betri na kama athi zake zinasoma karibu na sifuri. Kompyuta isiyolishwa hufanya mambo ya kompyuta iliyokufa.

Cha tatu ndicho tunachokishuku zaidi kwako. Kompyuta huzipa sensa kadhaa umeme wa volti 5, na mara nyingi sensa hizo hugawana njia moja. Sensa moja ikiingia maji na kuuangusha umeme huo chini, zote zinazogawana nayo zitasoma uongo, na mashine itazitaja zote kama zimekufa. Chomoa soketi ya sensa mojawapo kati ya hizo tano, fungua swichi, na upime waya wa volti 5 kwenye soketi. Ukikuta 5, njia hiyo ni nzima. Ukikuta 1 au 2, iache mita ikiwa imeunganishwa na uchomoe sensa nyingine moja baada ya nyingine ukiitazama namba. Mahali ambapo namba itaruka ghafla hadi 5 ndipo ilipo sensa mbovu. Zikichomolewa zote na namba bado iko chini, tafuta waya uliochubuka ukagusa bodi, na baada ya huo ndipo kompyuta ifunguliwe na kutazamwa kama ina alama za maji.

Hata ikithibitika kwamba kompyuta ndiyo, usinunue ya mtumba kabla ya kuuliza habari za ufunguo. Magari mengi yana imobilaiza, yaani kompyuta hukataa kuwasha injini mpaka iutambue ufunguo wako, na ya gari jingine haitautambua bila kusajiliwa upya na mtu mwenye kifaa cha kazi hiyo. Muuzaji akupe pia namba ya kifaa iliyobandikwa juu yake, uilinganishe herufi kwa herufi na ya kwako kabla ya kulipa.